Kitovu cha Kalenga

Moshi wa jaa la Élisabethville haukuwa na moto. Ulichomoza ardhini wenyewe, mwembamba, na harufu ya mayai viza na vitambaa vilivyoungua, ukaingia katika kambi yetu ya wafanyakazi kila upepo ulipogeuka. Jaa lilikuwa shimo la zamani la udongo wa matofali. Mikokoteni ilimwaga humo taka za mji mzima, na kila jioni wafanyakazi walizifukia, tabaka juu ya tabaka. La kuvunda halina ubani, lakini wakubwa wa mji, Wabelgiji, waliamini wamepata ubani wao: koleo. Sisi watoto hatukuamini. Tukilala chali juu ya sehemu zilizokwisha kufukiwa tulisikia joto mgongoni, na chini yetu kitu kikijigeuza. Niliogopa sana, na bado nilirudi.

Kiangazi kimoja mama alimzaa mdogo wangu Kalenga hospitalini. Alikaa huko mpaka kitovu cha mtoto kikadondoka, wauguzi wakakitupa pamoja na pamba chafu. Kwao ulikuwa usafi. Kwa nkambo, bibi yangu mzaa mama, aliyekuja kwa treni kutoka kaskazini kumwona mjukuu, ilikuwa balaa. Kitovu huzikwa nyumbani, ardhi ikamjua mtu wake. Na kweli Kalenga alilia kutwa, akakataa titi, akakonda tukimtazama.

"Kitovu yake iko wapi?" nkambo aliuliza.

"Balitupa ku poubelle, mu pipa ya taka, mama," mama akajibu, macho chini.

"Basi iko inamwita. Mutoto ataifwata."

Alasiri ile nilimpeleka nkambo jaani, kwa kuwa nilijua njia. Nilidhani atafukua kwa mikono. Kumbe alimwendea mfanyakazi mmoja aliyeegemea koleo lake.

"Baba, bintu bya hospitali munatupaka wapi?"

"Hatutupake, mama. Tunazikaka. Byote. Mangaribi hakuna kintu kinabakia inje."

"Munazikaka?"

"Ndiyo mama, tunazikaka."

Maskini wa watu, alikuwa akieleza kazi yake tu ya kufukia taka. Nkambo alisikia mazishi. Akapiga magoti, akabandika viganja juu ya udongo wenye joto, akataja jina la Kalenga, la baba yake, na majina ya wazee waliotangulia. "Huku ni kwake," akasema. Ndipo chini kabisa chupa zikagongana, polepole, kana kwamba mtu anapanga vyombo gizani. Mfanyakazi alirudi nyuma. Nkambo aliitikia, "Eyo," akasimama, akajipangusa magoti. Jioni ile Kalenga alinyonya. Sijui kwa nini, wala sitaki kuelezwa.

Leo mji unaitwa Lubumbashi, na taka zake nyingi hazifukiwi. Zinajaa mitaroni, na mvua inazirudisha mlangoni kwetu. Juu ya jaa lile kumejengwa nyumba, na wachimbao misingi huibua chupa zisizovunjika. Zamani wakubwa walituambia mji si wetu, tumekuja kazini tu, tutarudi kwetu. Mkataa kwao mtumwa, lakini kwetu wapi? Kitovu changu kimezikwa katika kijiji nisichojua hata njia yake, na nikifa ndugu watabishana pa kunipeleka. Kalenga, mwenye mvi sasa, akiulizwa kwao, haanzi hadithi ndefu. Anaonyesha kwa kidole pale lilipokuwa jaa. Namwonea wivu.