Kituo Ambacho Hakuna Anayesema "Nakuja"

Saa moja kasoro asubuhi, mlango mkubwa wa bati wa kituo cha zimamoto unapandishwa kwa mnyororo, ukilalamika njia nzima. Koplo ameshasimama mbele ya makuruti wanne, kila kiganja chake kimeshika redio ya mkononi. Moja anamkabidhi binti mwenye miwani na kumtuma nyuma ya gari, mahali ambapo hawataonana.

"Toka," Koplo anasema redioni.

Redio inakwaruza kidogo. Binti anajibu bila kufikiri, kama ambavyo mtu yeyote angejibu: "Nakuja, afande."

Wenzake wanatazama chini. Koplo hapandishi sauti. Anamwonyesha ndoo na kitambaa kwa kidevu tu, na binti anakwenda kuosha gurudumu la mbele, ambalo jana lilioshwa na mwenzake kwa kosa hilohilo.

"Kwenye redio yangu mtu anatoka au anaingia," anawaambia waliobaki. "'Nakuja' muiache nyumbani kwenu."

Mpishi wa kituo, mama mcheshi asiyejua kuficha la moyoni, anasema mji mzima hauna gari lenye magurudumu masafi kama hili.

"Hata mimi nimeshaosha," anasema huku akimimina chai. "Niliitwa, nikasema nakuja, nikapewa kitambaa. Mimi, mpishi! Tangu siku ile nikiitwa nakohoa."

Wote wanacheka, isipokuwa Koplo. Yeye anavuta stuli na kukaa karibu na gari, chini ya ubao uliotundikwa kwenye mlango wake.

Ubao huo ndio kazi yake. Ana miaka ishirini na sita katika kikosi, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa amekuwa akisimama milangoni mwa nyumba zinazoungua bila kuingia, tangu moshi ulipomharibia pafu. Wenzake humwita Bawabu, naye hachukii. Wajibu wake ni kujua nani yuko ndani.

Ubao una safu mbili zilizoandikwa kwa rangi nyeupe: NDANI na NJE. Kila askari ana kibao chake kidogo cha bati chenye jina. Anayeingia motoni humkabidhi Koplo kibao, naye hukitundika upande wa NDANI. Akitoka, hukichukua mwenyewe.

"Kwa mkono wake," Koplo anasisitiza. "Humchukulii mwenzako. Awe rafiki yako, awe ndugu yako wa tumbo moja, humchukulii. Unakichukua ukidhani yuko nyuma yako, kumbe hayupo. Sisi tunakunja mipira ya maji tunaondoka, yeye tumemwacha."

Asubuhi hii askari wote wa zamu wako nje wanakunywa chai. Lakini upande wa NDANI kuna kibao kimoja kinachoning'inia. Ni cha askari waliyemwita Kimya, aliyekufa kazini mwaka juzi.

Juu ya meza ya chai, kanuni za mwenendo na wajibu wa askari zimeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Makuruti hutakiwa kuzijua zote kwa moyo. Usiingie peke yako. Ukiitwa utoke, toka. Usichukue kitu katika nyumba inayoungua, hata sindano. Usijibizane na aliyepatwa na msiba. Eleza ulichokiona na kukisikia, usiongeze, usipunguze.

Hiyo ya kutojibizana ndiyo inayowatoa jasho wageni. Gari likikwama kwenye foleni, wenye nyumba huwapokea kwa matusi, na siku nyingine kwa mawe.

"Wanatuuliza kama tumekuja kuota moto," anasema Koplo. "Baba mmoja alinitemea mate usoni. Nyumba yake inaungua, nimwambie nini? Nilijifuta, nikamuuliza, 'Mzee, ndani kuna mtu?'"

Kuna jambo halijaandikwa ukutani. Askari wa zamu ni tisa, na mitungi ya hewa inayofanya kazi ni minne. Anayevaa mmojawapo mara nyingi huukuta bado una jasho la mwenzake.

Moto uliomchukua Kimya ulikuwa wa mchana kweupe. Chini kulikuwa na karakana ya magodoro, juu vyumba vya kupanga. Mama mwenye nyumba alikuwa barabarani akipiga mayowe kwamba mpangaji wake, mzee asiyesikia vizuri, yuko chumba cha mwisho ghorofani. Kimya aliingia na mwenzake mmoja. Wengine wawili walivaa na kusubiri mlangoni kwa Koplo.

Ndani, baada ya kupekua vyumba vya mwanzo, mtungi wa yule mwenzake ulianza kupiga filimbi ya kuishiwa hewa. Kimya akamfikisha kwenye ngazi na kumsukuma ashuke. Mwenzake akatoka, akachukua kibao chake kwa mkono wake. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Nikashika redio," Koplo anasimulia. "Nikamwambia, 'Kimya, toka.' Akajibu neno moja. Hata siku za kawaida hakuwa mtu wa maneno mawili. 'Nakuja.' Nikamgeukia kamanda nikamwambia, anakuja."

Kamanda aliposikia hivyo akawazuia wale wawili waliokuwa tayari. Ya nini kuongeza watu ndani, na aliyemo anatoka? Wakakaa wanautazama mlango. Kisha sakafu ya ghorofa ikashuka yote kwa mkupuo.

Yule mpangaji mzee alikuwa nje kitambo. Alishuka kwa ngazi za nyuma, na muda wote ule alikuwa amesimama katikati ya watazamaji, amekumbatia mto wake, akishangaa kama wao. Mtu ukiliwaza hilo sana unaweza kurukwa na akili, na Koplo huliwaza kila siku.

Tume ya uchunguzi ilimuuliza swali moja tu: marehemu alisema nini? Akajibu: alisema nakuja. Wakaandika kwamba aliipokea amri ya kutoka, akaitikia, kisha hakutoka. Kwa hiyo aliikaidi. Na katika kikosi hiki, jina la aliyekufa akiwa amekaidi amri halichongwi kwenye ukuta wa makao makuu, pamoja na ya wengine waliofia kazini.

Mwaka huu amekuja kamanda mpya, na amekubali faili lifunguliwe tena. Alhamisi Koplo ataitwa mbele ya tume. Ameshadokezwa kwamba safari hii wataenda mbali zaidi ya neno lenyewe. Watataka kujua alilisikiaje.

Hapo ndipo panapomkosesha raha, kwa sababu anajua alivyolisikia.

"Kuna nakuja mbili," anasema, akishusha sauti makuruti wasisikie. "Kuna ya mtu anayekuja kweli, anakujibu huku miguu imeshaanza kutembea. Halafu kuna ile ya mezani. Mmekaa mnaongea, mwenzako anainuka, anasema nakuja, anakupa mgongo anakwenda zake. Anaondoka huku anakwambia anakuja. Lugha yetu hii! Mimi nilisikia ile ya pili. Masikio yaliisikia vizuri kabisa, kichwa ndicho kikachagua ya kwanza."

Ndiyo maana neno hilo limepigwa marufuku kituoni. Aliyelipiga marufuku ni Koplo mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa, na wakubwa wakamwachia.

Akiieleza tume hivyo, atakuwa amewathibitishia kwamba Kimya alijua anakwenda ndani zaidi. Akisema ilikuwa ile ya mtu anayetoka, jina litachongwa na hakuna atakayembishia. Pampu zilikuwa zinanguruma, redio haikurekodi, na sikio lililosikia ni lake peke yake. Mwisho wa mwaka anastaafu. Ungekuwa uongo mdogo, tena wa huruma, na mtu akitazama hali ya mjane wa Kimya anaona kabisa jinsi unavyovutia.

Mjane huyo, Mama Pacha, ni fundi cherehani katika chumba chembamba chenye mlango unaofunguka barabarani. Kwa muda mrefu Koplo alikuwa akifika karibu na mlango huo anavuka upande wa pili, anajifanya ana haraka. Jumapili iliyopita aliingia.

Alimkuta anapinda sketi za shule, midomo imebana pini. Akamweleza yote, pamoja na habari ya nakuja mbili. Mama Pacha alizitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kifundo cha kitambaa.

"Shemeji, hilo unaniambia mimi?" akauliza. "Mimi niliyeishi naye? Kila asubuhi anashika kitasa, anasema nakuja, anakwenda kazini. Kwaheri sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Siku ile pia alisema nakuja. Watoto walikuwa hata chai hawajamaliza."

"Sasa Alhamisi niseme nini, shemeji?"

Mama Pacha alikanyaga cherehani, akaupeleka mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Usinidanganyie," alisema. "Nikipita pale na wanangu nikaona jina lililowekwa kwa uongo, nitalitazama kwa macho gani? Lakini usikubali waseme alikaidi. Yule mtu hajawahi kuniambia sitaki, hata tulipogombana. Kwake nakuja ilikuwa maana yake nisubiri. Basi kawaambie hivyo. Alikuomba umsubiri."

Kisha akamwuliza, bila ukali wowote, "Na mlimsubiri?"

Koplo anasimulia hayo akiwa ameinamia kikombe chake. Anasema alikosa pa kuuweka uso. Walimsubiri, ndiyo, kama mtu anavyosubiri gari la abiria, mikono imekunjwa, wakati waliovaa mitungi walikuwa pale pale na wangeweza kumfuata.

"Amri ya kutoka ilikuwa sahihi," anasema. "Ningeitoa tena leo. Na kanuni inasema ukiitwa, toka, sitaipinda kwa ajili ya mtu. Ila nitawaambia hakuikataa. Aliambiwa kuna mzee chumba cha mwisho, akaniomba nimsubiri. Mimi nikaenda kumwambia kamanda anatoka. Waandike hivyo. Kama kuna kosa la kuandika, na langu liwemo."

Je, tume itaelewa? Koplo anatikisa kichwa. Hawa ni watu wa ndiyo na hapana, anasema, na anachowapelekea hakimo katika hizo mbili. Anakiri ana hofu kuliko aliyokuwa nayo motoni. Mkewe amempigia pasi sare yake tangu jana ingawa siku bado, kisha akaitundika nyuma ya mlango.

Kuna kitu kimoja atakachokwenda nacho. Tangu siku ya mazishi wenzake wamemsihi akiondoe kibao cha Kimya. Kamanda aliyepita alimwamuru kabisa, na Koplo akamjibu kwa kanuni: kibao hakichukuliwi ila kwa mkono wa mwenyewe. Kamanda akaondoka akitikisa kichwa.

"Alhamisi nitakiweka mbele yao mezani," anasema. "Wakikubali jina, nitaomba kibao chenyewe kipigiliwe pale ukutani. Hapo nitakuwa nimemtoa. Wasipokubali nitakirudisha hapa, upande huohuo. Nitastaafu namwacha ndani."

Anataka kuongeza neno, lakini kengele inalia.

Makuruti wanatawanyika, buti zinagonga sakafu ya saruji, injini inawaka na moshi wa dizeli unajaa chumba. Koplo ananyanyuka taratibu, pafu halimruhusu mbio. Anashika chuma cha mlangoni na kujivuta mpaka ndani ya gari. Vibao vinagongana ubaoni.

"Bawabu!" mpishi anamwita kutoka mezani. "Chai yako hii!"

Koplo anageuka. Mdomo unafunguka, na mtu anaona kabisa neno lilivyomjia, kama ambavyo lingemjia mtu yeyote aliyeitwa huku anaondoka. Analimeza.

"Natoka," anasema.

Gari linaondoka. Mpishi anachukua kisahani, anakifunika kikombe, na kukisogeza pembeni kimsubiri.