Kinanda cha Maonyesho Korongoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngata, ile kata ya nguo ya kuwekea mzigo kichwani, nikaambiwa nimfuate wa mbele yangu na nisiulize maswali. Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Reli ilipofika Dodoma, nilikuwa mnyapara wa wapagazi waliotoa mizigo stesheni kuipeleka bomani.

Mzigo mkubwa, vijana wangu, tuliubeba kwa wimbo. Mmoja anatoa, wengine wanapokea, na wanapopokea ndipo mguu unapokanyaga.

Kikaja kinanda cha Bwana Shauri, mkuu wa boma. Ninyi mnakiita piano. Kilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mataifa huko Ulaya, nacho kilijaa nakshi: miguu ya simba, watoto wenye mabawa, maua ya dhahabu. Kizuri, sikatai, lakini uzito wake ulikuwa balaa. Tulikifunga kwenye mipiko, zile nguzo za mabegani.

"Hakuna kuimba," alisema Bwana Shauri. "Nataka nisikie kama kuna kitu kinavunjika ndani."

"Bwana Mkubwa, bila wimbo miguu itapishana."

"Atakayeimba, hamsa ishirini."

Yaani viboko ishirini na tano. Tukaondoka kimya.

Tulipoanza kushuka korongo la mchanga, miguu ikapotezana. Mipiko ikayumba, nyaya za ndani ya kinanda zikanguruma, na mzigo wote ukamwelemea shemeji yangu Ndahani, aliyekuwa mbele. Magoti yake yakaanza kukunjika. Dada yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Shemeji, nakufa!"

Nikaimba. Nilitoa wimbo wa kupura uwele, ule wa kwetu Haneti, kwa sauti yangu yote. Wakapokea. Miguu ikakutana, mipiko ikainuka, tukavuka.

Bwana Shauri alikizunguka kinanda, akapapasa simba mmoja mmoja. "Kizima," alisema. Kisha akamwita askari mwenye kiboko.

Baadaye nilimtumikia Mwingereza hadi nikapumzika. Mgongo bado hunisumbua kila kipupwe. Sijutii, maana yule aliyekuwa tumboni mwa dada ndiye anayenilimia shamba leo.

Jioni ile mke wa Bwana Shauri alipiga kinanda chake, kikasikika mpaka kwa Ndahani. Nilikuwa nimelala kifudifudi, shemeji akinipaka samli mgongoni.

"Ndicho kile?"

"Ndicho."

Akasikiliza kidogo. "Kinaimba vizuri."

"Chenyewe hakijakatazwa," nikamwambia. "Taratibu hapo, shemeji."