Komeo Hafuti kwa Kutishwa

Duka halijachangamka bado. Mama mmoja, fundi wa kompyuta, anachomelea waya wa chaja huku jicho moja likiwa kwenye skrini. Huko mtandaoni kuna anwani ya kompyuta fulani inayobisha hodi kwenye mashine za watu, ikijaribu nywila moja baada ya nyingine. Anaitazama, anawauliza wenzake kama nao wameiona, kisha anaiingiza kwenye orodha.

Wenzake hao, watu wa kujitolea waliotawanyika duniani na ambao hajawahi kuonana nao ana kwa ana, wanamwita Komeo. Kazi hii haimlipi hata senti. Orodha yao ya anwani zinazoshambulia wengine huchukuliwa bure na yeyote anayetaka kuzifungia mlango: shule, hospitali, hata kampuni zinazouza programu za ulinzi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwezi uliopita Komeo aliona seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni kubwa ya programu hizo ikishambulia watu, akaiorodhesha. Kumbe programu ya kampuni hiyohiyo husoma orodha ya akina Komeo kimyakimya! Ikatii, ikaanza kukataa kila kilichotoka kwa kampuni yenyewe. Mlinzi kamfungia tajiri wake nje ya geti, na majirani wanachungulia.

Kampuni haikucheka. Inadai imechafuliwa jina, na inataka anwani yake ifutwe bila masharti. La sivyo, ikifika Ijumaa, duka analofanyia kazi Komeo litanyang'anywa uwakala wa kuuza programu hiyo.

Mwenye duka ni shemeji yake, aliyempa kazi alipofiwa na mume.

"Shemeji, anwani moja tu," anamsihi, akipanga nyaya zilizokwisha kupangwa. "Futa, tule."

"Nikiifuta kwa woga, nani ataziamini zilizobaki?" anajibu Komeo. "Mbona hata wewe nilikufungia, umesahau?"

Shemeji anacheka bila kupenda. Mwaka jana kompyuta ya duka iliingiwa na virusi, na Komeo akaiorodhesha anwani ya duka linalomlisha. Barua pepe ziligoma mpaka shemeji alipoisafisha mashine na kuomba afunguliwe.

"Nilinuna kweli," anasema shemeji. "Lakini nikajua huyu mtu hanunuliki."

Mwandishi wa habari hizi amewahoji wenye vyeo wengi, na msimamo wa namna hii hajauona. Unatisha kidogo, na unapendeza.

Ijumaa ni kesho kutwa. Komeo ameshamwambia binti yake aondoe cherehani kwenye meza ya sebuleni, endapo kazi itahamia nyumbani.

Anachokitumaini ni kidogo: kampuni ijaze fomu ya kuomba kuondolewa, ieleze kilichoharibika na kilichorekebishwa, kama alivyofanya shemeji yake na kila mtu mwingine.

"Kila nikifika hapa, kwanza naangalia kama wamejaza," anasema. "Sina kinyongo nao. Wasafishe tu, waseme. Nitawafungulia hapohapo, hata mikono ikiwa na sabuni."