Kibao cha Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mlinzi wa msitu kwa miaka thelathini, na vibao vyote vya njia za mlimani alivichora yeye. Alipostaafu, alinipandisha kileleni kwa mara ya kwanza. Kibao cha chini kilisema: "Kileleni, mwendo wa saa mbili."

Saa mbili zilituishia kwenye maporomoko. Tukapita mianzi, tukaingia pori la juu ambako gari haliruhusiwi wala msumeno. Tulifika baada ya saa tano. Mabonde yalikuwa yamelala chini yetu, kijani kitupu mpaka macho yanapoishia.

"Uzuri nimeuona," nikamwambia nikihema, "lakini hizo saa mbili umezitoa wapi, we mzee? Miaka yote hii unawadanganya watu!"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Sijadanganya mtu, mama watoto. Kupanda nilikuwa nimebeba mbao na rangi, nasimama kila kona. Ningepimaje? Nilipima wakati wa kushuka."

"Mlima wote huu, unashuka kwa saa mbili?"

"Kwa mtu anayekimbilia kwako, ndiyo."