Hatua Tatu za Kurudi Kisimani

Akidor alikuwa na miaka arobaini na minne aliporudi darasani, na siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kutoka bila kuaga. Hakukuwa na kijana hata mmoja humo ndani. Kulikuwa na mchongaji wa mawe mwenye vidole vilivyopasuka, mama aliyeigiza kwenye redio tangu ujana wake, mzee mmoja mpiga gitaa, na wengine wanane, kila mmoja na kazi yake ya sanaa. Chuo kilikuwa kimewaambia wazi tangu barua ya kwanza: msiache kazi zenu. Njooni Nairobi Ijumaa na Jumamosi moja kila mwezi, mengine tutayafanya kwa simu, na baada ya miaka miwili mtakuwa na shahada ya uzamili. Kazi mnayoifanya ndiyo utafiti wenyewe.

Kwao Isiolo alijulikana sana. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Ngaremara miaka kumi na miwili, akasomea shahada ya ualimu wakati wa likizo, kisha siku moja akaiweka chaki chini akaenda kuongoza kikundi cha ngoma. Pale Bulapesa alipokaa, akina mama wa kanisa walishika viuno. "Mtu anaacha mshahara wa serikali akaruke?" Lakini kikundi kilisimama imara. Walikuwa watu kumi na saba, wanaume kwa wanawake, na walicheza edonga, ngoma ya Waturkana ambayo haina ngoma ya kupigwa. Miguu na makofi ndiyo hutoa mdundo. Walialikwa kwenye sikukuu za taifa, kwenye harusi, na kila mara wageni wakubwa walipokuja kaunti.

Kwa nini basi kusoma tena? Fomu ya kujiunga ilikuwa na nafasi ya kueleza hilo. Akidor aliandika ukurasa mzima, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta pia. Mwishowe alituma sentensi moja: "Nataka kujua ninachofanya." Alidhani watamcheka. Wakamchukua.

Mwalimu wao aliitwa Daktari Mugure, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, mdogo kuliko Akidor kwa miaka minane hivi. Siku ya pili aliwasha video ya kila mwanafunzi akiwa kazini. Ya Akidor ilipofika karibu na mwisho, aliisimamisha.

"Hapa mnafanya nini?"

Kwenye picha iliyomulikwa ukutani, safu nzima ya wachezaji ilikuwa imerudi nyuma hatua tatu. Wanawake walikuwa wameinama upande wa kushoto, viganja vikipangusa ardhi.

Akidor alijibu bila kufikiri, kwa maana swali hilo alikuwa amelijibu mara mia. "Tunaita kurudi kisimani. Ni kumbukumbu ya ukame. Wazee walirudi kwenye visima walivyoviacha, wakachimba kwa mikono mpaka maji yakatoka."

"Nani alikwambia?"

"Inajulikana tu, Daktari."

"Inajulikana na nani?"

Mugure hakuwa anamkejeli. Alikuwa ameegemea meza, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kusikia jambo zuri. Akidor alijaribu kumkumbuka mzee, wimbo, hata siku moja aliyoelezwa habari ya kisima, asipate.

"Sijui," akasema hatimaye. Jambo lililomshangaza ni kwamba hakuona aibu. Aliona kiu.

Wiki iliyofuata alikwenda kijiji cha Leparua na daftari jipya. Huko aliishi nyanya mmoja aitwaye Aule, ambaye ujana wake wote alisifiwa kwa kucheza, na hata sasa, akiwa amepita miaka themanini, shingo yake ilikuwa na shanga hadi kidevuni. Alikuwa ameketi mlangoni pa boma akishona kibuyu cha maziwa kilichopasuka. Akidor alimsalimu, akaulizia mbuzi na wajukuu, kisha akasimama katikati ya boma akaicheza ile hatua. Moja, mbili, tatu nyuma. Kuinama kushoto. Kupangusa.

Aule alimtazama. "Rudia."

Akarudia. Wanawake wengine walikuwa wameshatoka vibandani kuangalia.

"Umepoteza nini, mwanangu?" Aule aliuliza, na boma zima likaangua kicheko.

"Ata," Akidor alimwita, yaani nyanya kwa Kiturkana, "hii si ngoma yetu? Hii si ya kisima?"

"Kisima kinachimbwa kwa kupangusa?" Bibi alishika sindano yake tena. "Labda kwenu mjini. Hapa sijaiona."

Katika kijiji cha Kipsing alipata jibu fupi zaidi. Mchungaji mmoja aitwaye Esekon, hodari wa kuruka, alimwambia kwamba edonga huenda mbele na juu. "Anayerudi nyuma ameona nyoka."

Akidor aliandika kwenye daftari: Leparua, hapana. Kipsing, hapana. Kisha akaandika swali na kulipigia mstari: basi ilitoka wapi?

Kwenye mazoezi aliwaeleza wenzake. Ewesit, aliyekuwa mwimbaji kiongozi, hakufurahi hata kidogo. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya mto, na yeye ndiye aliyezoea kuwasimulia wageni hadithi ya kisima kabla ya ngoma kuanza.

"Mama Nanok," alimwambia, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "wageni wanapenda kisima kuliko kitu kingine chochote. Ukichimba sana utafika kwenye mwamba."

"Hata mwamba nitauangalia."

"Halafu tutasimulia nini?"

Ewesit, kwa hasira zake, alimsaidia bila kujua, kwa maana aliongeza: "Na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hiyo hatua!"

Kweli. Yeye ndiye aliyewafundisha. Na yeye alifundishwa wapi? Akidor alikaa juu ya jiwe akaanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, hadi akajiona msichana wa darasa la sita, mwaka wa tisini na mbili, miguu imepakwa mafuta, kwenye foleni ya tamasha la muziki la shule. Mwalimu wa ngoma alikuwa Mmeru, Mwalimu Mbae, ambaye hakujua neno la Kiturkana zaidi ya salamu.

Mbae alikuwa hai. Akidor alimpata huko Ruiri, kwenye shamba lake, akimwagilia mipapai. Alikuwa amezeeka vizuri. Alimtambua kabla hajataja jina.

"Akidor wa meno mapana! Karibu, karibu."

Alimpa uji, wakaulizana hali. Kisha Akidor akamweleza kilichomleta, naye mzee akaweka kikombe chini na kucheka mpaka akafuta machozi.

"Kwani hukumbuki? Ukumbi ule jukwaa lilikuwa dogo, na mbao za mbele zilikuwa zimeoza. Tuliambiwa asubuhi hiyo hiyo. Nikawaambia nyinyi watoto: mkifika mbele, rudini hatua tatu, mtu asinivunjikie mguu."

"Na kuinama?"

"Hiyo sikuwafunza. Kulikuwa na msichana mbele yenu, yule mkubwa, Akolong. Ushanga wake ulikatika katikati ya ngoma. Ulikuwa wa mama yake na alikuwa ameuchukua bila ruhusa. Basi akainama kuuokota, na nyinyi nyuma yake, kwa vile niliwaambia mumfuate Akolong kwa kila kitu, mkainama wote."

Akidor alichomoa daftari lake.

"Nilijua tumeshindwa," Mbae aliendelea. "Lakini jaji akasimama, akasema ameguswa sana na ile ishara ya kuchimba maji wakati wa ukame. Tukashika nafasi ya pili. Mwaka uliofuata ningeiondoa vipi?"

"Kwa hiyo kisima ni cha jaji?"

"Ni cha jaji. Hata jina lake sikumbuki."

Akidor alishuka Isiolo na kichwa kikimzunguka. Nusu yake ilitaka kucheka na nusu ilitaka kujificha. Akolong hakuwa mgeni kwake. Alikuwa akiuza nyanya na sukuma wiki sokoni, na walisalimiana karibu kila wiki. Alimkuta akipanga nyanya mafungu manne manne. Akidor alimwuliza kuhusu ushanga.

Mkono wa Akolong ulisimama. "Ule wa mama? Nilichapwa, dada. Shanga zilizorudi nyumbani ni thelathini na moja tu." Akamtazama. "Nani amekukumbusha?"

Akidor alimsimulia yote, toka jukwaa hadi jaji, hadi wachezaji kumi na saba uwanjani kila sikukuu ya Madaraka. Akolong alisikiliza kinywa wazi.

"Kumbe!" akasema. "Mimi kila nikiwaona huwa najiuliza, hawa watu huwa wanatafuta nini pale chini? Kumbe wananitafutia shanga zangu!"

Walicheka mpaka mteja mmoja akaenda kununua kwingine.

Jioni hiyo kicheko kilimwisha. Alimpigia Daktari Mugure.

"Naogopa, Daktari. Nimewadanganya watu miaka yote hii. Wageni, watoto wa shule, hata wenzangu."

"Ulikuwa hujauliza," Mugure alisema. "Sasa umeuliza. Unataka kufanya nini na hicho ulichokipata?"

"Unaniambia niamue mimi?"

"Wewe ndiye msanii. Mimi nitasoma utakachoandika, na nitakuja kuangalia utakachocheza."

Ilimchukua mwaka mzima. Alifundisha kikundi mchana, akaandika asubuhi kabla ya jua kuchoma mabati, na mwishoni mwa kila mwezi alipanda basi kwenda kusomewa makosa yake. Kuandika kulimshinda mara nyingi. Sentensi zake zilirudi zimejaa wino mwekundu. Lakini hakuwahi kuamka asubuhi bila jambo la kutaka kulijua. Alirekodi mabinti wa Leparua na wavulana wa Kipsing. Aligundua hatua nyingine mbili zilizotoka shuleni, na moja iliyotoka kanisani. Na zile zilizobaki, zile ambazo Aule alizitambua mara moja na kuzirekebisha kwa fimbo, alianza kuzicheza kwa uangalifu mpya, kama mtu aliyepewa chombo ashike kwa mikono miwili.

Kwa kazi ya mwisho alitunga ngoma ya dakika arobaini, na akamwomba Akolong apande jukwaani asimulie mwenyewe. Ewesit alisema hatakuwepo. Alikosa mazoezi matatu. Siku ya nne alitokea, akakaa nyuma, akamsikiliza Akolong akieleza alivyopapasa sakafuni huku akijua fimbo inamngoja nyumbani. Ulipofika wakati wa ubeti wa mwisho alisimama akaimba, na maneno hayakuwa yale ya zamani. Aliimba juu ya msichana anayehesabu shanga akimwomba Mungu zitimie.

Akidor hakumshukuru kwa maneno, alijua angemwudhi. Alimsogezea maji.

Watahini wawili walikuja na Daktari Mugure Jumamosi moja, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa jamii ambao watu wa Isiolo walikuwa wameujaza mpaka madirishani. Mzee Mbae aliletwa kutoka Ruiri amevaa koti. Ngoma ilichezwa. Akolong alipofika kwenye ushanga kukatika, watu walicheka; alipofika kwa mama yake, walinyamaza. Safu ilirudi hatua tatu, wanawake wakainama, na mama mmoja wa kanisa aliyekaa mbele akajikuta anachungulia chini ya kiti chake.

Baadaye, kwenye chumba kidogo cha pembeni, mtahini mmoja, mwanaume mwenye miwani mizito, aliuliza: "Sasa utuambie. Hatua hii ni ya Waturkana, au si ya Waturkana?"

Akidor alifikiri. Zamani angejibu haraka.

"Ilizaliwa na msichana wa Kiturkana aliyeogopa mama yake," alisema. "Mwalimu Mmeru akaihifadhi. Jaji ambaye nimemtafuta mwaka mzima bila kumpata akaipa jina. Imekaa hapa miaka zaidi ya thelathini na watoto wetu wanaijua. Mimi nimeandika kwamba ni ya Isiolo. Kama kuna jibu bora, nitalifuata."

Mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza habari za ile hatua ya kanisani, na wakazungumza saa nzima kupita muda uliopangwa.

Alifaulu, na marekebisho ya kurasa thelathini juu yake. Siku ya mahafali, Nanok mwanawe alimpiga picha nyingi hata simu ikazimika. Pale Bulapesa wale akina mama walimpikia, na mmoja wao akamwuliza polepole kama chuo kingemkubali mtu anayeongoza kwaya.

Jaji hajapatikana hadi leo. Akidor ameuliza walimu wastaafu wa wilaya tatu, na ana jina moja analoshuku. Na mazoezi ya kikundi siku hizi huchelewa kuisha, kwa sababu kila anapofundisha jambo, kuna mtu nyuma, na mara nyingi ni Ewesit, anayeinua mkono na kuuliza, "Na hii tuliitoa wapi?"