Marehemu Mama Alikuja na Ndengu

Mwenyekiti wa kituo alimuua mama yangu kwa maikrofoni, chini ya hema la kukodi, wageni wakisubiri chai.

"Huyu msichana mnaona hapa," alisema, "ni yatima kamili. Hana baba, hana mama."

Kuhusu baba alisema kweli. Kuhusu mama niliinua mkono kama mwanafunzi, nikasema mama yangu yuko Mashuuru, mzima, anauza ndengu sokoni. Mwenyekiti akanishika bega na kuwageukia wageni kwa tabasamu la huzuni. "Mnaona? Uchungu ukizidi, mtoto anakataa kukubali." Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akatoa kitambaa akajifuta macho. Nikaketi. Ukishaambiwa umechanganyikiwa na uchungu, kila unalosema linakuwa ushahidi dhidi yako.

Kituo hicho cha kusaidia vijana kilikuwa hapa Kitengela, na kilianzishwa na watu wa makanisa ya mtaani, watu wenye viwanja na suti za Jumapili. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wakala wa mashamba. Aliyauza maisha yetu jinsi alivyouza ploti zake. Ploti ambayo mvua ikinyesha huwezi kuifikia hata kwa trekta, yeye aliiita tambarare, karibu na lami.

Ukweli wangu ulikuwa mdogo na usingemtoa mtu machozi. Nilikuwa nikikaa na binamu yangu katika chumba cha kupanga. Binamu akaolewa, na bwana harusi hakuwa na nafasi ya shemeji. Mwezi huohuo kibanda cha mitumba nilikofanya kazi kikabomolewa kando ya barabara. Kurudi Mashuuru sikuweza. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa mama, na wadogo zangu walikuwa wakila kwa zamu. Kwa hiyo kila mama alipopiga simu nilimwambia niko salama. Nililala katika ghorofa ambalo halijamalizwa, juu ya mifuko ya simiti, pamoja na wasichana wengine, na upepo wa huku ukipita mahali ambapo pangekuwa na madirisha. Asubuhi tulijipangusa vumbi, tukatoka kama watu waliotoka kwao.

Ndiyo, kituo kilinisaidia. Nasema mapema kabla sijaitwa mtovu wa shukrani, neno ambalo kamati ilikuwa nalo mdomoni saa zote. Nilipewa kitanda, uji, nafasi katika darasa la ushonaji, na mlango unaofungwa kwa ndani. Huo mlango ningeupigia magoti. Siku za kwanza nililala mpaka wenzangu wakadhani naumwa.

Lakini masharti yake! Kila walipokuja wageni, tulitoa ushuhuda. Nimelelewa kanisani, najua ushuhuda ni nini: unasimama, unasema Bwana asifiwe, unaeleza ulikotolewa, watu wanashukuru pamoja nawe. Pale kituoni uligeuzwa kuwa mtihani. Aliyelia vizuri alipata mfadhili. Asiyelia aliambiwa moyo wake bado ni mgumu, akaombewa kwa sauti kubwa. Tena wafadhili walitaka mayatima, au ndivyo kamati ilivyoamini. Mwenyekiti hakuwa na shaka hata kidogo kwamba mtoto mwenye mama hawezi kulala nje. Kwa hiyo kila aliyelala nje alikuwa amefiwa, apende asipende.

Basi bweni zima tukawa mayatima, na Jumapili mchana mayatima hao walitembelewa na mashangazi na wajomba wengi ajabu, wenye pua kama zetu. Mmoja wetu alikuwa na mjomba mwendesha boda boda kutoka Matasia, na wawili hao walicheka kicheko kimoja. Kamati nzima, watu wenye digrii na miwani, haikuona kitu.

Iliona mara moja tu. Mama wa msichana wa kitanda kilicho jirani na changu alisafiri kutoka Kona Baridi, akaenda ofisini moja kwa moja kwa moyo mweupe. "Mimi ndio mama yake," alisema. "Nimekuja kusema asante." Kabla ya jioni begi la binti yake lilikuwa langoni. "Wewe uko na kwenu," mwenyekiti alimwambia, "usile chakula ya mayatima." Kwao kulikuwa na baba wa kambo ambaye ndiye aliyemfanya atoroke. Hakuna aliyeuliza. Nilimchukia mwenyekiti siku hiyo, na usiku nikaufunga mlango wa bweni kwa hofu.

Nilikuwa nimebakisha muda mfupi kumaliza kozi mama aliponiletea zawadi. Binamu alikuwa amemweleza niliko, naye mama akaja bila kunipigia simu, siku ya wageni, mfuko wa ndengu mkononi. Akapewa kiti cha plastiki nyuma ya hema kama mwanakijiji yeyote. Mimi sikumwona. Nilikuwa nimesimamishwa mbele, na mwenyekiti alishaanza.

"Mama yake alifia mikononi mwake," alisema, "wakimkimbiza hospitali huko Kajiado." Hilo lilikuwa jipya. Kifo cha mama kilinenepa kila kiliposimuliwa.

Ndipo nikakiona kilemba cha buluu cha mama nyuma ya hema. Mama yangu si mtu wa kunyamazia upuuzi. Pale sokoni, ukimpunja kwenye kipimo, soko zima litasikia. Akifungua kinywa tu, nimerudi kwenye mifuko ya simiti. Akasimama.

"Karibu, mama," mwenyekiti akasema. "Wewe ni nani wa huyu mtoto?"

Alinitazama kwanza. Alitazama viatu vyangu, gauni nililojishonea, mashavu yaliyoanza kujaa. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwingine yeyote.

"Mimi ni jirani," akasema. "Jirani ya marehemu."

"Bwana asifiwe!" Yule mjinga alifurahi mpaka akampelekea maikrofoni. "Hebu tuambie, marehemu alikuwa mtu wa aina gani?"

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Alikuwa anapenda huyu mtoto," akasema. "Hakujua analala nje. Angejua, angekuja kumchukua hata kwa miguu."

Walilia, wageni wale. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema huo ndio ushuhuda bora kuwahi kutolewa kituoni, na mimi nilitamani hema lile liwaangukie wote.

Nilimfikia mama langoni. Akaniuliza kama kweli wananilisha. Nikamjibu ndiyo, mwaitu, maana kwa Kikamba ndivyo mtu anavyomwita mama aliyemzaa, na sina jina lingine la kumwita.

"Usiniite hivyo hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Maliza kushona kwanza."

Akanipa mfuko, akaenda peke yake stejini kupanda matatu. Jirani tu hasindikizwi mbali, na mwenyekiti alikuwa akitutazama.