Entretien ya Tata Tshiamala

Ukitaka kumtibua Tata Tshiamala, mtajie neno entretien. Wafaransa, sijui ni uvivu au uchoyo, neno hilo moja wamelibebesha kazi mbili: kuhudumia mashine, na kukaa mbele ya mkubwa akuhoji. Sasa hapa Kolwezi, ambapo kampuni ya shaba ikiita watu entretien, kesho yake nusu yao wako nyumbani wanakuna vichwa, wewe ungeelewa ipi?

Tshiamala, mzee ambaye wote humwita Tata, ndiye anayelisha boila la kliniki ya wazazi, lile linalokula magunzi ya mahindi na maranda ya mbao. Magunzi huletwa bure na mradi wa joto safi, kwa sharti moja: kila mwaka, na huu ndio wa kwanza, kabla siku waliyoiweka haijapita, boila lizimwe, lipoe kabisa, mabomba yasuguliwe masizi, fundi aweke sahihi. Bila sahihi, hakuna magunzi, na wazazi na vichanga wao wataogea maji ya baridi mwaka mzima.

Ijumaa Mama Laure, mkubwa wa kliniki, akampitia mbiombio. "Tata, lundi kuko entretien. Ujitayarishe muzuri."

Maskini wee, akajua Jumatatu ni kuhojiwa, na labda kufukuzwa! Akaazima koti la shemeji yake Mukalay. Jumapili nzima mkewe, Ngalula, alimhoji sebuleni. Na ili wakubwa waone bidii, Jumatatu alfajiri akalishindilia boila magunzi mpaka likanguruma.

Fundi Godefroid, aliyetoka Likasi na brashi zake za masizi, akashika mpini wa mlango wa boila, akaruka nyuma. "Yesu! Ni nani aliwasha moto?"

"Ni mi, tata," Tshiamala akajibu, kifua mbele, koti limefungwa mpaka shingoni. "Hii moto haijazimika hata siku moja!"

Godefroid akamgeukia Mama Laure. Mama Laure akahesabu saa kwa vidole. Boila lile halipoi leo wala kesho, na siku ya mwisho ya kupata sahihi ilikuwa hiyohiyo. Hakuna namna.

Tshiamala alipoelewa, alijipiga paja kwa hasira. "Mama, kama ulisema tu kusafisha! Kusafisha! Mutu gani haijui?"

"Na weye, ulikuwa na kinywa! Kwa nini haukuuliza?"

Wakatupiana maneno pale, fundi anafungasha brashi zake. Na kinachouma ni hiki: angekuwa mvivu, angelala zake tangu Ijumaa, moto ungejifia wenyewe, na saa hizi mabomba yangekuwa yanasuguliwa. Bidii ndiyo iliyomponza. Haki ya Mungu, inakera.

Ngalula alifika mbio kutoka sokoni, jasho linamtiririka, akamkuta mumewe ameketi peke yake.

"Balikuuliza nini?"

"Kitu kimoja tu. Nani aliwasha moto."

"Na weye?"

"Mi? Nilijibu muzuri kabisa."